Cha Somo Hakirudishwi

Kitendawili!

Usiitike kwa sauti ya mgonjwa; itika kama mtu aliyekula akashiba. Haya, nimetega: hakina meno, kinakula chuma, hakina miguu, kimeingia kila nyumba ya huku kwetu pwani, ukikifuta leo ukalala, kesho kimeamka kabla yako. Usikimbilie kunipa mji. Kaa nacho mapajani kama unavyokaa na mtoto wa mwenzio, utanijibu tukifika.

Mimi kila nikikitega hiki huona mkono. Mkono wa mume wangu Mwambire, fundi wa baiskeli pale Gede, umeshika kiti cha baiskeli kwa nyuma, naye anakimbia, shati limechomoka kiunoni, na juu ya kiti hicho amekaa mke wake mdogo, Mbodze, anacheka na kulia kwa hofu, vyote pamoja. Ni uwanja wa shule, jua limeanza kulegea. Mimi nimetoka kuteka maji, nimesimama penye ua na ndoo kichwani, na maji yale hayamwagiki hata tone. Kisha ule mkono ukakiachia kiti. Mbodze hakujua kwamba ameachiwa. Akaenda peke yake mpaka goli la mbali, huku Mwambire amesimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, anamtazama kama mtu aliyerusha ndege.

Mimi ndiye mke mkubwa. Nilikuwa nimekaa na bwana yule miaka tisa kabla ya Mbodze kuletwa kutoka Matsangoni. Nilimzalia, nilimpikia, nilisugua mafuta ya minyororo kwenye mashati yake mpaka kucha zangu zikawa nyeusi kama zake; na katika miaka yote tisa mkono ule haukuwahi kunishikia kiti. Siku ileile, tukitwanga mahindi, nilimwuliza mwenzangu swali moja.

"Kwa nini wewe?"

Mbodze akausimamisha mchi hewani. Akafungua mdomo. Na hapo mwanangu Chengo, wakati huo ana miaka sita, akaanguka kutoka juu ya mnazi mfupi aliokatazwa kuupanda, akapiga ukelele, sote tukakimbia. Tuliporudi kwenye kinu swali lilikuwa limepoa, nami si mtu wa kuuliza mara mbili. Mimi ni wa Ganze. Kwetu maji yalikuwa mbali, na mtoto alifundishwa mapema kutoomba: ukipewa, unywe, usipopewa, umeze mate uendelee na safari. Wengine hujivunia ng'ombe, mimi nilijivunia hilo. Tangu nizaliwe, sijaomba.

Basi swali likalala miaka thelathini na minane.

Mwambire alipofariki, kibanda cha ufundi kikabaki kwa Mbodze, maana chuma humfuata anayekijua. Wanaume waliokuja na baiskeli zao wakimkuta mwanamke amekaa na spana walicheka wiki ya kwanza, wiki ya pili wakapanga foleni. Nyumba zetu zinatazamana. Tumezikiana wazazi, tumepeana chumvi, tumefungiana mikanda ya uzazi. Mtu wa nje angesema hawa ni dada wa tumbo moja. Lakini kila nikilisikia gurudumu likizunguka kule kibandani, tik-tik-tik, kitu kifuani mwangu kilizunguka nalo, na hakikuwa na mafuta.

Chengo alipokua akaoa, akapata binti wa kwanza, na kwa desturi jina likawa langu: Pola. Shuleni ni Caroline. Mimi humwita somo, naye huniita somo, kwa kuwa tunalivaa jina moja. Na baina ya watu wa jina moja ipo sheria ambayo mama yangu alinirithisha, nami nikairithisha: anachokupa somo wako kwa mkono wake hukikatai, wala hukirudishi, mpaka yeye mwenyewe akiombe. Ukikirudisha bila kuombwa, umelirudisha jina.

Kwa jina, mtoto alikuwa wangu. Kwa mengine yote alikuwa wa Mbodze. Alitambaa kwenye vumbi la kibanda, akajua nati kabla hajajua herufi. Nikimpikia wali wa nazi, huula upesi akakimbilia kule. Na alipofika miaka kumi na tisa akaniletea ajabu: baiskeli ya gurudumu moja. Haina mbele, haina nyuma, haina usukani. Kiti, uma wa chuma unaolishika gurudumu, tairi na pedali, basi. Aliazimwa na kikundi cha sarakasi kinachotumbuiza kwenye mahoteli ya Watamu, akaanguka nayo miezi mitatu, kisha siku moja hakuanguka.

"Somo," nilimwambia, "wenzako wanatafuta magurudumu manne. Wewe hata mawili umeyaona mengi?"

Akacheka. Alicheka kama Mbodze, si kama mimi, ingawa damu ya Mbodze hana hata tone.

Sasa kulikuwa na nafasi kikundini. Msichana mmoja alikuwa ameolewa Mombasa, na Laban, kiongozi wao, akatangaza kwamba anayeitaka nafasi ile aje Jumamosi ya mwisho wa mwezi na baiskeli yake mwenyewe, acheze kwenye sakafu ya saruji nyuma ya ukumbi, wimbo mzima, mguu usiguse chini. Mchezo wenyewe si wa mbio wala wa kupanda vilima. Ni wa madaha: unazunguka papo kwa papo, unarudi kinyumenyume, unautoa mguu kwenye pedali ukausimamisha juu ya uma, na mguu wa pili ukalisukuma tairi lenyewe kwa unyayo, hatua kwa hatua, kama mtu anayetembea juu ya dunia inayozunguka. Somo alikuwa na picha za watu wa nchi za mbali wakifanya hivyo, kwenye simu yake. Alimwonyesha Mbodze. Waliinamisha vichwa pamoja juu ya kile kioo kidogo, mimi nikipepeta mchele upande wa pili wa ua, na nilipepeta mpaka ukaanza kumwagika nje ya ungo.

Safari ya Malindi ya kwenda kununua hiyo baiskeli, aliyeombwa ni Mbodze. Mimi nilijipeleka. Nilivaa leso mpya, nikawatangulia barabarani.

Duka la Harith liko nyuma ya soko, limejaa baiskeli za mitumba zimening'inia darini kama popo. Harith ni mtu wa mji, maneno yake yamepigwa pasi.

"Shikamooni, mama zangu. Karibuni, duka ni lenu, langu ni vumbi tu."

"Marahaba, baba," tukaitikia.

Alikuwa nazo mbili, zilizoachwa na wageni waliorudi makwao. Ya kwanza ilikuwa nyekundu, nzito, tairi pana lenye meno kama ya mamba, inang'aa kila mahali. Ya pili ilikuwa nyeusi, ndogo, imenyamaza. Spoku zake, zile nyaya zinazolishika gurudumu, zilikuwa zimefanya madoa ya kahawia.

Mbodze akatandika leso chini, akapiga magoti. Akalizungusha gurudumu la ile nyeusi, kidole gumba kimekaribia ukingo bila kugusa, akatazama kama linayumba. Halikuyumba. Akazidonoa spoku moja moja kwa ukucha, sikio limeinama, kama mpiga zeze anayetafuta sauti yake. Akashika habu, kile kitovu cha gurudumu, akafumba macho, akazungusha tena.

"Hii," akasema. "Gurudumu dogo, litageuka upesi. Tairi laini, ukilijaza upepo likawa gumu utazunguka nalo kama pia. Mikono ya pedali mifupi, miguu yako haitapiga makasia. Kiti chembamba, hakitakushika mapaja. Na hapa..." Akaweka kiganja pale juu, uma unapokunja kulivuka tairi. "Hili ndilo bega. Bega lake ni bapa. Ukitoa mguu kwenye pedali, huu ndio mkeka wako."

Somo akapiga magoti naye. Akaweka kiganja chake juu ya kiganja cha Mbodze.

Nimewahi kuona nyumba ikiungua, nimewahi kuona mtu akizama. Sijui kwa nini viganja viwili juu ya kipande cha chuma viliniuma kuliko hayo.

"Ina kutu," nikasema.

"Ya juu juu, dada," Mbodze akajibu bila kugeuka. "Kutu ya juu hutoka kwa mafuta ya taa na kitambaa. Inayoua ni ya ndani ya habu, isiyoonekana. Hii nimeisikiliza. Ndani ni safi."

Naam, jibu ndilo hilo, nawe ulikuwa nalo tangu mwanzo: kutu. Lakini umejibu ya juu juu. Ya ndani bado.

Nikaenda kwenye ile nyekundu, nikaipapasa kama mnunuzi wa ng'ombe. Ilikuwa kubwa na ilikuwa nzuri. Mtoto akiipanda, watu wangeiona tangu barabarani, wangeuliza nani kamnunulia.

"Somo, mimi nakuchagulia hii."

Harith aliacha kupangusa.

"Mama," akasema kwa adabu, "hiyo ni ya kupandia milima. Meno ya tairi lake..."

"Kwani nimekuuliza wewe, baba?"

"La, hujaniuliza."

Nikalifungua pindo la leso nilimokuwa nimefunga fedha yangu ya korosho, nikamlipa, nikaitwaa ile baiskeli kwa mikono yangu miwili, nikampa. Somo alinitazama, akamtazama Mbodze, kisha akakunja magoti kidogo kama alivyofundishwa.

"Ahsante, somo."

Akaipokea. Cha somo hakirudishwi. Tulipokwisha kufika barabarani akasema amesahau leso yake ndani, akarudi peke yake, akakawia kidogo. Nilifurahi kwamba anakawia. Nilitembea na mjukuu wangu mpaka kituoni tukiwa wawili tu, nyekundu katikati yetu ikimulika macho ya wapita njia, na furaha yangu ilikuwa kama chai iliyotiwa sukari nyingi mno: kinywani tamu, kooni inakereketa.

Mazoezi yakaanza. Kila siku alasiri nilikwenda na jamvi langu nikakaa penye ukingo wa sakafu, mimi mwenye zawadi. Na kila siku niliona. Meno ya tairi yaliing'ang'ania saruji, akitaka kuzunguka lilimpeleka mbele. Gurudumu lilikuwa kubwa, pedali zake za kutupa miguu mbali. Na alipouinua mguu kuusimamisha juu ya bega la uma, bega lenyewe lilikuwa limeinama huku na huku kama mabega ya chupa. Mguu uliteleza. Alianguka kwa goti, akaanguka kwa kiwiko. Siku ya nne akaangukia muundi, pedali ikamchana.

"Umeumia, somo?"

"Hapana. Ni mimi sijaizoea." Akakipangusa kiti, mbele yangu, kwa upindo wa shati lake. "Baiskeli yenyewe ni nzuri."

Tusi ningelijibu. Uongo wa heshima hauna jibu.

Laban alipita siku ile na wenzake wawili. Akasimama, akashika kiuno.

"Caroline! Nani kakuchagulia trekta?"

"Bibi yangu."

"Bibi yako analima wapi?"

"Ganze!" nikapaza sauti kutoka jamvini. "Na ukisogea hapa nitakulima wewe!"

Wakacheka wote mpaka wakashikana. Laban akaja mbio, akainama. "Shikamoo, mama. Sikukuona, nisamehe." Nikasema marahaba, nikacheka nao. Lakini nilimwona akimtazama yule mtoto kabla ya kuondoka, akitikisa kichwa polepole, kama mtu anayeufunga mlango bila kutaka kuubamiza. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Kesho yake asubuhi nilivuka ua kwenda kuchukua kinu, nikaikuta nyekundu imelazwa kibandani, tairi limevuliwa, pedali ziko kando. Mbodze alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, miwani imeshuka puani, anapima mikono ya pedali ya baiskeli ya mtoto.

"Unafanya nini?"

"Nafupisha. Nimempatia na tairi laini."

"Hiyo ni zawadi yangu, Mbodze."

"Najua."

"Umeshika mangapi yangu mpaka sasa? Hata hiki nacho lazima ukitie mkono?"

Akavua miwani. Macho yake yalikuwa yamechoka, nikatambua kwamba hata yeye amezeeka, na kwa mara ya kwanza hilo halikunifurahisha.

"Dada, zawadi ni yako. Mifupa ni yake."

Akaugeuza uma, akanionyesha yale mabega yaliyoinama.

"Tairi nimebadilisha. Pedali nitabadilisha. Hapa siwezi. Nikipiga nyundo litapasuka, nikichomelea litapinda. Bega halitengenezwi, huzaliwa nalo." Akapangusa mikono. "Nimemwambia airudishe, tutafute njia. Hataki. Anasema ni ya somo. Anasema afadhali akose nafasi."

Sikuchukua kinu. Nilirudi kwangu nikakaa kitandani mchana kutwa, kitu nisichokifanya hata nikiwa na homa. Mtoto yule alikuwa tayari kuipoteza ndoto yake kwa ajili ya jina langu. Mimi nililitumia jina hilo kumpokonya Mbodze kile kiganja cha mtoto. Ilikuwapo njia moja tu ya kukifungua kile kifundo, nami nilikuwa naijua tangu dukani: mwenye kutoa akiombe mwenyewe. Neno moja. Vijana wanalitumia kila siku, kama mate. Naomba. Nililijaribu peke yangu chumbani, likatoka na kutu yake, nikakohoa.

Jioni somo alikuja kuniamkia, akichechemea.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba. Kaa." Akakaa. "Ile baiskeli niliyokupa."

"Nitaiweza, somo. Leo nimesimama mpaka nikahesabu tatu."

"Naomba unirudishie."

Labda alidhani amenikosea, kwa kuwa midomo yake ilianza kutetemeka. Nikamshika mkono, nikalisema tena, na mara ya pili halikuwa zito kama ya kwanza.

"Naomba, Pola. Nilikosea. Nilijichagulia mimi, sikukuchagulia wewe."

Akainamisha kichwa mapajani mwangu, kitu alichokuwa hajafanya tangu avae sare ya shule. Sikujua nitie mkono wapi. Nikautia kichwani.

Kesho yake nikavuka ua tena, safari hii bila kisingizio cha kinu.

"Mbodze, naomba twende Malindi."

Alikuwa na spana mkononi. Ikamwanguka. Tulitazama chini sote wawili, kisha akacheka kile kicheko chake.

"Ngoja nivae viatu, dada, kabla hujabadili nia."

Njiani nilikuwa na hofu moja: kwamba nyeusi imeshauzwa. Siku zilikuwa zimepita, na kitu kizuri hakikai sokoni kikimngoja mjinga apone. Tulipoingia dukani niliangalia mahali pake, hapakuwa na kitu. Nikashika mlango.

"Shikamooni, mama zangu," akasema Harith. Akaingia nyuma, akatoka nayo, imefunikwa gunia. "Mtu wa hoteli kaitaka mara mbili. Nikamwambia ina mwenyewe."

"Nani mwenyewe?" nikauliza.

Akamtazama Mbodze, akasita, kisha adabu ya ukweli ikamshinda.

"Mama huyu siku ile alirudi kuchukua leso. Leso yenyewe alikuwa ameivaa." Akatabasamu. "Aliniomba nisiiuze mpaka mwezi uishe. Nikamwuliza kwa nini, akaniambia: mkubwa wangu atarudi."

Sikumtazama Mbodze. Niliitazama ile baiskeli nyeusi, na ilibidi niitazame sana. Yule wa zamani aliyekuwa ndani yangu alinong'ona: umeona, hata toba yako aliijua kabla yako, hata hiyo kakutangulia. Nilimsikia. Nilikuwa nimemzoea. Lakini sauti yake ilikuwa imekuwa ya mtu aliye chumba cha pili.

"Haya, leo nani anachagua?" akauliza Harith, akijikinga na kaunta yake.

"Anayejua," nikasema. "Mimi nimekuja kuonyeshwa."

Mbodze akatandika leso. Nikapiga magoti karibu yake, magoti yakalia kama mlango. Akakichukua kidole changu gumba, akakisogeza karibu na ukingo wa gurudumu, akalizungusha. "Usiguse. Sikia upepo wake tu. Ukiwa uleule mzunguko mzima, limenyooka." Nikausikia ule upepo mdogo, sawasawa, kama pumzi ya mtoto aliyelala. Akanidonolesha spoku. "Zote ziimbe sauti moja. Inayoimba nzito imelegea." Nikasikiliza. Kisha akakiweka kiganja changu juu ya bega bapa, chuma kikawa baridi chini yangu, naye hakukiondoa chake.

Mwambire aliishika mikono hii ya Mbodze akaifundisha, nikafikiri. Nilikisubiri kile kitu kizunguke kifuani. Kilizunguka, ndiyo, siwezi kukudanganya. Lakini hakikusaga.

Kutu ya juu ya spoku tuliifuta sisi wawili, kwa mafuta ya taa na kitambaa cha kanga kuukuu, siku tatu.

Jumamosi ilifika. Nyuma ya ukumbi walikuwa wameketi watu kama mia, wengi wao watoto. Wasichana wawili walimtangulia somo. Wa kwanza alianguka mwanzoni, wa pili alifika nusu ya wimbo. Mimi na Mbodze tulikaa kwenye jamvi moja. Somo akaja, muundi umefungwa kitambaa, akasimama na ile nyeusi bila kututazama. Ngoma ikapigwa kutoka kwenye spika.

Akapanda. Akazunguka kama pia, leso aliyojifunga kiunoni ikafunguka kama ua. Akarudi kinyumenyume. Akaenda na mikono imekunjwa kifuani kwa ujeuri mpaka watoto wakapiga mbinja. Kisha akautoa mguu wa kulia kwenye pedali, akautafuta mkeka wake, akaupata. Ukakaa. Akautoa wa kushoto, akauweka juu ya tairi, akaanza kutembea juu yake, hatua, hatua, hatua, na chini yake gurudumu likimtii.

Wimbo ukaisha. Mguu ulikuwa haujagusa chini. Laban alikuwa ameweka kidole kwenye simu yake ili azime, hakuzima. Akaurudia wimbo toka mwanzo.

"Cheza tena," akasema. "Safari hii sikupimi, natazama tu. Jumatatu njoo saa moja, usichelewe."

Somo akacheka, akaanza upya. Nilipojitazama nikaona mkono wangu wa kulia umenyooka mbele yangu, hewani, vidole vimefumba, kama umeshika kiti. Sijui ulikuwa hapo tangu lini. Mbodze alikuwa ameuona. Nikaushusha taratibu mapajani.

Swali lilikuwa mdomoni, limeamka lenyewe baada ya usingizi wote ule. Safari hii sikungoja kupewa.

"Mbodze."

"Naam, dada."

"Kwa nini wewe?"

Hakuniuliza nina maana gani. Hakugeuka, macho yake yalikuwa yamelifuata lile gurudumu dogo linalokwenda peke yake kwenye saruji. Ilikuwa kama siku ile ya mahindi: mchi wake bado uko juu hewani, kinu kinamsubiri, na hakuna mtoto aliyeanguka.

"Nilimwomba, dada," akasema. "Nilimwomba tu."